Charles Richet: Mtafiti aliyegundua kwamba kinga ya mwili yaweza kuua

MBWA aliyeitwa Neptune alikuwa mkubwa, mwenye nguvu na asiye na dalili yoyote ya ugonjwa alipoletwa mbele ya watafiti mjini Paris, Ufaransa, mapema mwaka wa 1902.

Siku 22 zilizotangulia, mbwa huyo alikuwa amedungwa kiasi kidogo cha sumu ya kiumbe wa baharini na hakuonyesha dhiki yoyote. Siku hiyo alidungwa kiasi kile kile, wala si zaidi.

Sekunde chache baadaye alianza kuhema kwa taabu. Miguu ilimwisha nguvu, akalala ubavu, akaharisha na kutapika damu. Dakika 25 baada ya sindano, Neptune alikuwa mzoga.

Aliyeongoza utafiti huo, Profesa Charles Richet, alikuwa akitarajia kinyume kabisa cha hayo. Alitaka kuwapa mbwa kinga dhidi ya sumu, jinsi chanjo zinavyofanya. Badala yake aligundua kwamba mwili unaweza kukikumbuka kitu ulichokutana nacho mara moja, na kumbukumbu hiyo ikageuka kuwa kifo.

Zaidi ya karne moja imepita. Hata hivyo, muuguzi anayemtundikia mgonjwa wa saratani dripu ya dawa, awe Paris au Nairobi, hukaa chonjo dakika za mwanzo akichunguza uso wa mgonjwa, pumzi zake na presha ya damu. Anachokihofia ni jambo lile lile lililomuua Neptune.

Richet alizaliwa Paris mnamo Agosti 1850 katika familia ya watu wenye nafasi. Babake, Alfred Richet, alikuwa profesa wa upasuaji katika Kitivo cha Tiba cha jiji hilo, na ilitarajiwa kwamba mwana angefuata nyayo za mzazi. Alianza kuzifuata, lakini kisu hakikumvutia. Aligeukia fiziolojia, yaani elimu ya jinsi viungo vya mwili vinavyofanya kazi, na kufikia mwaka wa 1887 alikuwa profesa wa somo hilo katika kitivo hicho hicho.

Alichunguza asidi ya tumboni. Alieleza jinsi mbwa anavyojipoza kwa kuhema ulimi ukiwa nje. Mnamo 1893, pamoja na mwenzake Hanriot, aliwapa wanafiziolojia dawa ya usingizi iitwayo kloralosi, ambayo ilitumiwa katika maabara kwa miaka mingi.

Isitoshe, alikuwa mhariri wa jarida la sayansi, mwandishi wa mashairi na tamthilia, na mtetezi wa amani baina ya mataifa. Mwaka wa 1907 aliwasaidia ndugu wawili wa familia ya Breguet kuunda chombo cha kuruka kilichokuwa miongoni mwa watangulizi wa helikopta. Alikuwa mtu wa mambo mengi kupita kiasi, na kama itakavyoonekana, hilo lilikuwa baraka kwake na pia balaa.

Saratani haikuwa mbali na mawazo yake. Mnamo 1888, yeye na Jules Héricourt walionyesha kwamba damu ya mbwa iliweza kuwakinga sungura wasiuawe na bakteria fulani. Wazo hilo la kuihamisha kinga kutoka kwa mnyama mmoja hadi kwa mwingine ndilo lililopewa nguvu mpya mwaka wa 1890, pale Emil von Behring na Shibasaburo Kitasato walipofanya kazi yao kuhusu pepopunda na dondakoo nchini Ujerumani.

Richet na Héricourt walitaka kwenda mbali zaidi. Mnamo 1895 walichukua uvimbe wa saratani ya mfupa uliokatwa kutoka kwa mgonjwa, wakausaga, wakauchuja na kumdunga punda mmoja na mbwa wawili. Kisha walitwaa seramu, yaani yale majimaji ya damu ya wanyama hao, na kuwadunga watu waliokuwa na saratani. Wagonjwa wa kwanza walipata nafuu na uvimbe ulionekana kupungua. Nafuu hiyo haikudumu. Wagonjwa wengine walijaribiwa, lakini tiba haikupatikana.

Jaribio hilo halikumletea sifa, na huenda ndiyo sababu husahauliwa. Lakini wazo lenyewe, la kuitafuta silaha ya saratani katika damu ya kiumbe mwingine, lingerudi miaka mia moja baadaye likiwa na sura mpya, na lingekuja na hatari ambayo Richet mwenyewe ndiye aliyeipa jina.

Safari ya kuelekea ugunduzi wake mkuu ilianzia baharini. Katika majira ya joto ya mwaka wa 1901, Mwanamfalme Albert wa Kwanza wa Monaco, ambaye alipenda mno elimu ya bahari, alimwalika Richet pamoja na kijana Paul Portier katika meli yake iliyoitwa Princesse Alice II.

Wakiwa katika bahari ya Atlantiki, mwenyeji wao aliwashauri waichunguze sumu ya kiumbe mmoja wa jamii ya konyeza. Kiumbe huyo huelea juu ya maji kama kibofu kilichojaa hewa, akiburura chini yake minyiri mirefu inayomuunguza vibaya yeyote anayeigusa. Watafiti hao waliikamua sumu hiyo na kuijaribu kwa ndege na wanyama wadogo papo hapo melini.

Waliporejea Ufaransa hawakuweza kumpata konyeza huyo kwa urahisi. Walimtumia kiumbe mwingine apatikanaye kwa wingi katika pwani ya nchi yao, aktinia, anayefanana na ua lililojishikiza mwambani na ambaye pia ana minyiri yenye sumu.

Mbwa waliopewa kiasi kikubwa cha sumu ya aktinia walikufa, lakini si mara moja. Kifo kilikuja baada ya siku kadhaa. Waliopewa kidogo walipona. Watafiti walingoja hadi mbwa hao wawe wazima kabisa ndipo wakawatumia tena. Ni katika matumizi hayo ya pili ambapo maafa yalitokea, na Neptune akawa mfano ulio wazi kuliko yote.

Yafaa kusemwa kwamba Richet hakuwa wa kwanza kuliona jambo hili. Mfaransa mwenzake, François Magendie, alikuwa ameona mnamo 1839 wanyama wakifa ghafla baada ya kudungwa ute wa yai kwa mara ya pili. Behring naye aliwahi kukutana na wanyama waliodhurika na sumu kidogo kuliko ilivyotarajiwa. Wote waliliona kama kioja, wakaendelea na kazi zao.

Tofauti ya Richet ni kwamba alikataa kupita. Mwanzoni hata yeye hakuyaamini macho yake, akarudia majaribio mara kwa mara. Aligundua kwamba sindano ya pili ikifuata haraka, hapakuwa na madhara. Ilipasa zipite wiki kadhaa, kana kwamba mwili ulihitaji muda wa kujifunza chuki.

Mnamo Februari 15, 1902, Richet na Portier waliieleza Jumuiya ya Biolojia mjini Paris matokeo yao. Hali hiyo waliiita anafilaksisi, neno walilolibuni kutokana na Kigiriki kwa maana ya kinyume cha kinga. Miaka minne baadaye, daktari wa Austria, Clemens von Pirquet, alibuni neno pana zaidi, aleji, ambalo Waswahili huliita mzio.

Waswahili husema kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ndivyo ulivyo mwili wenye mzio. Kilichouingia mara ya kwanza pengine hakikuwa na madhara yoyote, ila askari wa mwili walikitilia shaka na kukiweka alama. Kinaporudi, hawaulizi kama ni nyoka au ni ukindu tu.

Leo inajulikana kwamba alama hiyo ni aina ya kingamwili iliyotambuliwa katika miaka ya 1960. Kingamwili hizo hung'ang'ania juu ya seli zilizosheheni kemikali, histamini ikiwa mojawapo. Kitu kile kikirudi, seli hizo hupasua maghala yake yote kwa mpigo. Mishipa ya damu hulegea na kuvuja, presha huporomoka, njia za hewa hubana, ngozi huvimba na kuwasha. Mambo haya yote yaweza kutukia katika muda ambao mtu angemaliza kikombe cha chai.

Richet mwenyewe hakuyajua hayo. Lakini mnamo 1907 alionyesha kwamba damu ya mnyama mwenye hali hiyo, ikitiwa kwa mnyama mwingine, humwambukiza hatari ile ile. Kwa hivyo alijua kwamba siri ilikuwa ndani ya damu.

Mwaka wa 1913 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Tiba, peke yake. Portier, aliyekuwa naye melini na maabarani na ambaye jina lake lilitangulia katika ripoti ya kwanza, hakupata kitu. Yeye alijitosa katika elimu ya bahari na kuwa profesa. Ni vigumu kuiita haki hali hiyo.

Katika hotuba yake ya kuipokea tuzo hiyo, Richet alijaribu kueleza kwa nini maumbile yamwekee kiumbe mtego wa namna hii. Jibu lake lilikuwa kwamba kila mtu ana kemia yake ya pekee, na mwili huipigania isichanganywe na vitu vya kigeni. Kama mtu mmoja mmoja ataangamia katika vita hivyo, basi si hoja, mradi aina nzima ya viumbe ibaki salama.

Kama maelezo ya maabarani, hilo lilikuwa wazo la kuvutia. Kwa bahati mbaya, Richet hakuliacha maabarani.

Katika miaka hiyo hiyo alikuwa mmoja wa vinara wa yujeniki nchini Ufaransa, nadharia iliyotaka kizazi cha binadamu kiboreshwe kwa kuamua nani azae na nani asizae. Alikuja kuwa rais wa chama cha nadharia hiyo nchini mwake baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Katika kitabu chake La Sélection humaine, kilichochapishwa mwaka wa 1919, aliwaweka watu weusi chini ya wazungu kwa akili na kwa hadhi, akapinga mchanganyiko wa damu zao, na kuwaona watoto waliozaliwa na kasoro kama mzigo usiostahili kubebwa.

Hapakuwa na jaribio hata moja lililothibitisha madai hayo. Mtu aliyekataa kuamini kifo cha mbwa mmoja mpaka arudie jaribio mara kadhaa, aliamini uduni wa mabara mazima bila kupima chochote. Msomaji wa Afrika anayeisoma habari yake hana haja ya kufumbia macho jambo hilo, wala kwa sababu yake kuukana ukweli wa aliyoyaona kwa Neptune.

Kulikuwa pia na mizimu. Kwa miaka mingi Richet alihudhuria vikao vya watu waliodai kuzungumza na wafu, akaamini kwamba baadhi yao walitoa mwilini kitu cha ajabu alichokiita ektoplazimu. Mwaka wa 1905 alikuwa Algiers akitazama kile alichodhani ni kiumbe kutoka ulimwengu mwingine, huku wakosoaji wakisema ni mtu wa kawaida aliyejifunika mashuka. Mnamo 1922 alitoa kitabu kikubwa juu ya mambo hayo.

Aliaga dunia mjini Paris mnamo Desemba 4, 1935 akiwa na umri wa miaka 85. Mwanawe, aliyeitwa Charles kama yeye na ambaye pia alikuwa daktari, alikamatwa na Wajerumani mwaka wa 1943 na kupelekwa katika kambi ya mateso ya Buchenwald, mahali palipoendeshwa na watu walioipeleka yujeniki hadi mwisho wake. Alitoka humo akiwa hai mwaka wa 1945.

Richet alipozikwa, tibakemia ya saratani ilikuwa bado haijazaliwa. Neno lenyewe lilikuwapo, kwani Mjerumani Paul Ehrlich alikuwa amelibuni kwa ajili ya maradhi ya viini. Lakini mgonjwa wa kwanza wa saratani kudungwa dawa ya jamii ya gesi ya haradali alitibiwa Marekani mnamo 1942.

Dawa zilipoanza kuongezeka, kivuli cha Neptune kilionekana wodini. Dawa ya asparajinesi, inayowasaidia watoto wenye saratani ya damu, ni protini itokanayo na bakteria. Kwa mwili wa mtoto ni mgeni mtupu, na baadhi yao huipinga vikali baada ya dozi chache. Hapo hulazimu kuwahamishia aina nyingine itokayo kwa bakteria tofauti.

Kisa cha paklitakseli ni kirefu zaidi. Dawa hii, ambayo asili yake ni magamba ya mti mmoja wa Amerika, haiyeyuki katika maji. Watengenezaji waliiyeyusha kwa umajimaji uliotokana na mafuta ya mbarika. Katika majaribio ya miaka ya 1980, wagonjwa kadhaa walipata shambulio kali dakika chache tu baada ya dripu kufunguliwa, na nusura dawa hiyo itupwe.

Haikutupwa. Madaktari walianza kuwapa wagonjwa dawa za kutuliza mzio kabla ya tiba na kuidondosha polepole. Mnamo Desemba 1992 iliidhinishwa nchini Marekani kutibu saratani ya ovari, na sasa imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya dawa muhimu. Ndiyo sababu mgonjwa hupewa tembe na sindano nyingine kabla ya dawa yenyewe, jambo ambalo wengi huliona kama usumbufu wasioelezwa maana yake.

Shambulio la paklitakseli halifanani kabisa na la Neptune, kwa kuwa kwa kawaida hutokea katika dozi ya kwanza au ya pili, na mara nyingi wa kulaumiwa ni kile kiyeyusho.

Inayofanana naye hasa ni kaboplatini. Mgonjwa hupewa dozi sita bila tatizo. Saratani inatulia, miezi inapita, kisha inarudi, na dawa ile ile iliyomsaidia inatolewa tena. Ni hapo, mara nyingi kwenye dozi ya saba au ya nane, ambapo viganja huanza kumwasha, uso unakuwa mwekundu na kifua kinabana. Mgonjwa aliyezoea dripu hudhani ni joto la chumba, akanyamaza. Ingempasa amwite muuguzi papo hapo ili dripu ifungwe, na hali ikiwa mbaya adungwe adrenalini pajani bila kuchelewa.

Ajabu zaidi ni ya setuksimabu. Dawa hii ni kingamwili iliyotengenezwa, mjukuu wa mbali wa ile seramu ya punda. Ilipoanza kutumika Marekani, iligunduliwa kwamba wagonjwa wa majimbo ya kusini-mashariki, kama vile Tennessee, waliathirika vibaya katika dozi ya kwanza kuliko wa kwingineko. Mwaka wa 2008 watafiti walieleza kwamba damu ya wagonjwa hao ilikuwa tayari na kingamwili dhidi ya sukari fulani iliyomo katika dawa hiyo. Baadaye ilijulikana kwamba waliofunza miili yao chuki hiyo walikuwa kupe waliowauma. Kwao, sindano ya kwanza ilikuwa imeshadungwa porini, na mdudu.

Swali linalomkabili daktari ni gumu. Dawa inayomuua mgonjwa ndiyo pia inayomweka hai. Akiiacha, saratani itaendelea. Akiirudia, huenda mgonjwa asitoke chumbani.

Njia ya kupita katikati ilionyeshwa zamani, Richet angali hai. Mnamo 1907, Alexandre Besredka wa Taasisi ya Pasteur mjini Paris alibainisha kwamba mnyama mwenye hali ya anafilaksisi akipewa kwanza vipimo vidogo mno, vinavyoongezwa hatua kwa hatua, huweza kuistahimili dozi ambayo ingemuua.

Madaktari wa Boston waliitumia kanuni hiyo kwa wagonjwa wa saratani, na mwaka wa 2008 walitoa taarifa ya wagonjwa 98 waliopitishwa katika utaratibu huo mara 413 bila hata mmoja kufariki. Mifuko mitatu huandaliwa: wa kwanza una dawa iliyozimuliwa mara 100, wa pili mara 10, na wa tatu una dawa kamili. Kasi huongezwa kila baada ya dakika 15 katika hatua 12, muuguzi akiwa kando ya kitanda na adrenalini ikiwa tayari. Kazi hiyo huchukua takriban saa sita.

Ustahimilivu unaopatikana ni wa muda tu. Dawa ikishatoka mwilini, askari hurudia uadui wao, na mgonjwa arejeapo kwa dozi inayofuata baada ya siku 21, kila kitu huanza upya kwa mfuko wa kwanza.